Jiwe Lililofanana na Yai



Somo hili linahusu mayai ya kale yaliyogeuka mawe. Tutajifunza namna ya kuyatambua, na la kufanya mtu akiyaona. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, tazama maneno mapya mwisho wa somo.

1. Jiwe la mtoni

Jioni moja ya kiangazi mzee mmoja alifika katika darasa letu hapa Kiwira akiwa na kikapu. Alikuwa mwanakisomo wa mwaka wa pili. Siku hiyo alikaa nyuma, si mahali pake pa kila siku. Somo lilipokwisha, alingoja mpaka wenzake wote wakatoka. Kisha akafunua kitambaa kilichofunika kikapu. Ndani mlikuwa na jiwe jeusi la mviringo, kubwa kuliko ngumi mbili.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "hili ni yai la dinosaria. Nimeliokota mtoni."

"Nani amekwambia ni yai, mzee wangu?"

"Kijana mmoja wa mjini. Anasema yuko tajiri anayenunua kwa mamilioni. Lakini kwanza jiwe lipelekwe kupimwa. Kupima ni shilingi laki tatu. Kesho nauza mtamba wangu."

Nilinyamaza. Mtamba yule nilimfahamu. Alikuwa na mimba. Mzee alikuwa akiwaambia wajukuu zake kwamba maziwa ya mtamba huyo ndiyo yatakayowanunulia sare na madaftari.

"Mzee wangu," nikasema, "nakuomba usimuuze kesho. Nipe siku moja tu. Kesho jioni tulitazame jiwe hili pamoja na wenzako."

Alisita. Niliona anaogopa kuchekwa. Mwishowe alikubali. Kesho yake tulisoma somo hili.

2. Kisukuku ni nini?

Mnyama akifa porini, kwa kawaida hakibaki kitu. Fisi hula nyama. Jua na mvua humaliza mifupa. Lakini mara chache mambo huwa tofauti. Mto hufurika na kumfunika yule mnyama kwa tope au mchanga. Nyama huoza, lakini mifupa hubaki imezikwa.

Miaka mingi hupita. Tope jingine huja juu, na jingine tena. Tope la chini hugandamizwa na kuwa mwamba. Maji yenye madini hupenya ndani ya mfupa na kuacha madini humo. Polepole mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe. Mfupa wa namna hii huitwa kisukuku. Vikiwa vingi tunasema visukuku.

Si mifupa peke yake. Jino, jani, unyayo, hata yai, vyote vinaweza kuwa visukuku. Ganda la yai ni la namna ya chokaa, kwa hiyo lina ugumu wake tangu mwanzo. Uji wa ndani huoza na kwisha. Mahali pake huingia tope au mchanga, nao hugeuka jiwe. Kinachobaki ni ganda lenye jiwe ndani yake.

3. Dinosaria walikuwa wanyama gani?

Dinosaria walikuwa wanyama wa kale waliotaga mayai. Wengine walikuwa wadogo kama kuku. Wengine walikuwa wakubwa kupita tembo mara nyingi. Watu wengi nchini kwetu huwaita mijusi. Ndege wa leo wametokana na ukoo mmoja wa dinosaria. Dinosaria wengine wote walikwisha duniani miaka milioni 66 iliyopita.

Milioni 66 ni ngapi? Milioni moja ni elfu moja mara elfu moja. Kama ungehesabu mwaka mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, ungefika milioni moja baada ya siku 11 na zaidi. Kufika milioni 66 ungehesabu kwa zaidi ya miaka miwili.

Nchi yetu inajulikana duniani kwa visukuku vya wanyama hawa. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani aliiona mifupa mikubwa karibu na kilima cha Tendaguru, katika mkoa wa Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba pale. Kazi ya jembe na ya kubeba ilifanywa na mamia ya watu wetu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa. Mifupa iliyosafirishwa ilikuwa zaidi ya tani 200. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, Ujerumani. Urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Karibu nasi zaidi liko bonde la Ziwa Rukwa. Huko wataalamu wamechimba mifupa ya dinosaria ambao hawakujulikana kabla. Mmoja alitangazwa mwaka 2014, akaitwa Rukwatitan. Mifupa yake ilikuwa ndani ya ukuta wa jabali. Miongoni mwa watu waliosaidia kuitoa walikuwemo wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwingine alitangazwa mwaka 2017, akaitwa Shingopana songwensis. Jina hilo hata sisi tunalielewa: shingo pana, wa Songwe. Wa tatu alitangazwa mwaka 2019. Yeye aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Ndiyo kusema mnyama wa Mtuka, kwa sababu alipatikana karibu na mto Mtuka, na moyo wa mkia, kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo kama la moyo.

Angalia majina hayo. Rukwa, Songwe na Mtuka ni majina ya mahali. Mtaalamu haachi kuandika mahali. Tutaona sababu yake.

4. Mayai ya kale yamepatikana wapi?

Mayai ya dinosaria yamepatikana katika nchi nyingi, kama Uchina, Mongolia, Argentina na Afrika Kusini. Yale ya Afrika Kusini yana umri wa miaka milioni 190 hivi. Ni madogo, karibu sawa na yai la kuku, na ndani yake mlikuwa na vifaranga ambao hawajaanguliwa. Lakini mnyama aliyeyataga alikuwa mkubwa, wa mita kadhaa. Kwa hiyo tusidhani kwamba yai la dinosaria lazima liwe kubwa.

Hapa Tanzania yako mayai ya ndege wa kale huko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro. Laetoli ndiko zilikoonekana nyayo za watu wa kale mwaka 1978. Zamani volkano ililipuka na kumwaga majivu juu ya nchi ile. Majivu yalifunika nyayo, na yalifunika mayai pia. Yamo mayai ya ndege wa jamaa ya kanga na kwale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Huko Laetoli vilipatikana pia vipande vya maganda ya mayai ya mbuni. Mwaka 2005 wataalamu wawili walivichunguza. Mmoja wao alikuwa Mtanzania, Charles Msuya. Waliona kwamba maganda ya tabaka za chini si sawa na maganda ya mbuni wa leo. Wakamtambua mbuni wa kale, wakampa jina linalotokana na Kakesio, mahali palipo karibu na Laetoli. Walimtambua kwa maganda yake tu. Waliwezaje? Kila kipande kilijulikana kimetoka wapi na katika tabaka gani ya mwamba.

Sasa sikiliza kisa cha Mongolia. Mwaka 1923 wataalamu wa Marekani walikuta mayai ya dinosaria huko jangwani. Juu ya mayai yale ilikuwepo mifupa ya dinosaria mwingine. Wakasema, "Huyu alikuja kuiba mayai." Wakampa jina Oviraptor, maana yake mwizi wa mayai.

Miaka 70 ikapita. Kisha likaonekana yai la aina ile ile, na ndani yake mlikuwa na kifaranga wa jamaa ya yule aliyeitwa mwizi. Pia walionekana wakubwa wa jamaa hiyo wamekaa juu ya mayai, kama kuku anavyoatamia. Yule mwizi alikuwa mzazi! Alikuwa amesingiziwa kwa miaka 70.

Ni kitu gani kilichomtoa katika lawama? Wataalamu waliandika kila kitu kilikuwa mahali gani, na kipi kilikuwa juu ya kipi. Kama mtu angebeba mayai upande wake na mifupa upande wake, ukweli usingejulikana.

5. Mawe yetu ya hapa Rungwe

Je, hapa Kiwira tunaweza kuokota yai la dinosaria mtoni? Tuitazame ardhi yetu.

Mlima Rungwe ni volkano. Mawe mengi meusi tunayojengea misingi ya nyumba ni uji wa moto uliotoka chini ya ardhi ukapoa. Yai haliwezi kukaa katika uji ule. Lingeungua. Tena volkano zetu zilianza muda mrefu sana baada ya dinosaria kwisha.

Sasa tazama makaa ya mawe ya Kiwira. Makaa yametokana na mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Wakati huo dinosaria wa kwanza walikuwa hawajatokea.

Basi makaa yamewahi mno, na volkano zimechelewa mno. Wakati wa dinosaria uko katikati. Miamba ya wakati huo iko katika bonde la Rukwa upande mmoja, na huko Karonga, Malawi, upande wa pili. Miamba hiyo ni ya mchanga na tope vilivyoganda. Watu wetu husafiri sehemu hizo kwa biashara, kilimo na kazi za migodi. Ndiyo maana inafaa tuijue elimu hii.

Lakini mawe ya mviringo yanatoka wapi? Yanatoka mtoni. Maji ya mto Kiwira huyaviringisha mawe, yakagongana na kusuguana mpaka pembe zikaisha. Wengi wetu tumefika Kijungu, karibu na Daraja la Mungu. Pale maji yamechimba shimo katika mwamba kama chungu. Jiwe likizungushwa ndani ya shimo kama hilo, hulainika kama limefinyangwa.

Yako pia mawe yanayobambuka ganda baada ya ganda, kama kitunguu. Hayo ni mawe yanayooza kwa mvua na jua. Ganda lao si ganda la yai.

6. Alama za yai la kweli

Mtaalamu hatazami umbo peke yake. Hutazama mambo haya matano.

Kwanza, mwamba. Je, mahali hapo pana mwamba wa mchanga, tope au majivu yaliyoganda? Je, mwamba huo ni wa umri unaofaa?

Pili, ganda. Yai la kweli lina ganda moja jembamba, na ndani yake jiwe la namna nyingine. Ganda la mbuni wa leo lina unene wa milimita 2 hivi. Maganda mengi ya dinosaria yana unene wa milimita moja hadi tatu. Kama jiwe ni la namna moja kutoka nje hadi ndani, si yai. Kama lina maganda mengi kama kitunguu, si yai.

Tatu, uso wa ganda. Ganda la yai la kale mara nyingi si laini. Lina vipele vidogo au mistari. Tena lina vitundu vidogo mno vya kupitishia hewa, kwa sababu kifaranga hupumua akiwa ndani. Mtaalamu hutumia kioo cha kukuza ili avione.

Nne, nyufa. Ganda lililozikwa kwa mamilioni ya miaka hugandamizwa. Hupasuka vipande vidogo vilivyokaa pamoja kama sahani iliyovunjika na kupangwa tena. Jiwe zuri, zima, lenye mviringo kamili kama mpira, litilie shaka.

Tano, jirani zake. Ndege hutaga mayai kadhaa mahali pamoja. Dinosaria wengi nao walifanya hivyo. Penye yai pana mayai mengine, au vipande vya maganda. Vipande ndivyo vinavyoonekana mara nyingi kuliko yai zima.

Usilivunje jiwe ili uone kiini. Kiini cha njano hakiwezi kuwemo. Ukikuta ndani vitu vinavyong'aa kama chumvi, hayo ni madini tu. Tena usilimwagie ndimu wala siki. Ganda la namna ya chokaa huliwa na maji makali.

7. Tunalitazama jiwe la mzee

Jioni ile ya pili nililiweka jiwe juu ya meza. Sikusema ni la nani. Wanakisomo walilizunguka. Mama mmoja alisoma alama kutoka ubaoni, moja baada ya moja, na wenzake walijibu.

"Mwamba?"

"Limetoka mtoni. Ni jiwe la volkano."

"Ganda?"

"Hakuna. Pale lilipomeguka ni jeusi nje na ndani."

"Vipele, au vitundu?"

"Vitundu vipo, lakini viko kila mahali, hata ndani. Ni kama lile jiwe la kusugulia miguu."

"Nyufa?"

"Hakuna."

"Jirani zake?"

Hapo mzee mwenyewe akasimama. "Jirani zake nawajua mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeliokota. Pale mtoni yako mawe mia kama hili."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alisema kwamba shemeji yake alikwisha toa pesa kwa ajili ya kupimiwa jiwe kama hilo. Mtu aliyezipokea hakuonekana tena. Kijana mmoja alisema kwamba naye alipigiwa simu hivyo hivyo.

Tukaandika ubaoni: Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji pesa. Tukaongeza: Hata kama ni kisukuku cha kweli, hakiuzwi. Ni mali ya taifa.

8. Kama lingekuwa yai kweli

Mzee aliuliza swali la mwisho. "Mwalimu, kama lingekuwa yai kweli, ningefanya nini?"

Nilimjibu kwa kueleza kosa langu mwenyewe. Zamani ndugu yangu mmoja aliniletea kipande cha mfupa uliogeuka jiwe. Alikuwa ametoka safari ya upande wa Rukwa. Nilifurahi, nikakiweka mezani kugandamizia karatasi. Baada ya miaka mtu mmoja mwenye elimu ya miamba alikiona. Alikigeuza mkononi, akasema, "Hiki ni kisukuku. Kimetoka wapi?" Sikujua. Ndugu yangu alikuwa amekwisha fariki. Yule mtu alikirudisha mezani taratibu, akasema, "Basi hatuwezi kujua zaidi."

Mimi nilijua kusoma na kuandika tangu utoto. Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Sikuandika hata mstari mmoja. Kipande kile kilikuwa kimetunza habari zake kwa mamilioni ya miaka. Mimi nilizipoteza kwa siku moja.

Kwa hiyo, ndugu mwanakisomo, ukiona kitu unachodhani ni kisukuku, fanya hivi:

(a) Kiache mahali pake. Usichimbe, usivute, usipige nyundo.

(b) Okoa habari zake. Andika tarehe, jina la kijiji na la kitongoji, na alama ya karibu ambayo haihami, kama daraja, jabali au njia panda. Andika umehesabu hatua ngapi kutoka kwenye alama hiyo, na kuelekea upande gani.

(c) Kama kuna simu ya kupiga picha, piga picha mbili. Ya kwanza iwe ya karibu, na uweke kalamu au kibiriti kando ya kitu hicho ili ukubwa wake ujulikane. Ya pili iwe ya mbali, ili mahali paonekane.

(d) Kifunike kidogo kwa mchanga kisiharibiwe na jua, mifugo au watoto.

(e) Toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji. Yeye ataipeleka wilayani, ili iwafikie watu wa Mambo ya Kale au wa Makumbusho ya Taifa.

Itakuwaje kama mto unafurika au trekta inachonga barabara, na kitu kitapotea leo hii? Hapo unaweza kukiokoa. Andika kwanza, kisha kiinue pamoja na udongo wake. Kifunge kwa nguo, weka karatasi ya maelezo ndani ya mzigo huo huo, upeleke kwa Mtendaji siku hiyo hiyo.

9. Wataalamu wanavyokichukua

Mtaalamu naye hana haraka. Huanza kwa kuchora ramani ya mahali. Kila kipande hupewa namba, na namba huandikwa katika daftari. Huondoa udongo kwa brashi na vyuma vidogo. Halei kisukuku chenyewe kikiwa uchi. Hukizunguka na kuacha udongo chini yake, kama uyoga juu ya kikonyo chake. Kisha hukifunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa plasta, kama hospitali wanavyofunga mguu uliovunjika. Plasta ikikauka, hukikata chini na kukigeuza. Kule Tendaguru walitumia pia mianzi kutengeneza vizimba vya kuifungia mifupa wakati wa safari.

Kazi hii inahitaji kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda visukuku pamoja na vitu vingine vya kale. Kuchimba bila leseni ni kosa. Kuvipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Na mtu anayegundua kitu cha kale anatakiwa atoe taarifa.

10. Mwisho wa habari ya mzee

Yule kijana wa mjini alipiga simu tena. Mzee alimwuliza maswali matano ya ubaoni. Alipofika swali la pili, simu ilikatwa.

Mtamba hakuuzwa. Alizaa mwezi wa tatu. Jiwe liko mlangoni kwa mzee, linazuia mlango usipigwe na upepo. Juu yake ameandika kwa chokaa, kwa mkono wake mwenyewe: MTO KIWIRA.

"Si yai," aliniambia, "lakini sasa linajulikana limetoka wapi."

MAMBO YA KUKUMBUKA

Umbo la yai peke yake si ushahidi.
Tazama mwamba, ganda, uso wa ganda, nyufa na jirani zake.
Kisukuku kisichojulikana kilikotoka kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake.
Kiache, andika, toa taarifa.
Usimpe mtu pesa ya kupimia jiwe.

MANENO MAPYA

Kisukuku: mabaki au alama ya kiumbe wa kale, iliyohifadhiwa katika mwamba.
Tabaka: safu moja ya udongo au mwamba juu ya nyingine.
Madini: vitu vya asili vilivyomo katika mawe, udongo na maji.
Kuatamia: kukalia mayai ili yaanguliwe.
Volkano: mlima au ufa unaotoa moto, majivu na uji wa mawe.
Mtamba: ng'ombe jike ambaye hajazaa bado.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mzee aliogopa kuleta jiwe lake mbele ya wenzake? Sisi tufanye nini ili mwenzetu asiogope kuuliza?
2. Kwa nini yai la dinosaria haliwezi kutoka katika mawe ya volkano ya Rungwe?
3. Dinosaria wa Mongolia alisingiziwa nini? Ukweli ulijulikanaje?
4. Je, katika kijiji chako wamepita watu wanaonunua mawe au vitu vya kale? Walisema nini?

ZOEZI LA KUANDIKA

Nakili taarifa hii katika daftari lako. Jaza nafasi zilizo wazi kana kwamba umeona kisukuku leo. Kisha mpe mwenzako aisome. Je, anaweza kufika mahali hapo kwa kufuata maandishi yako peke yake? Kama hawezi, andika upya.

Kwa Mtendaji wa Kijiji cha ........................
Tarehe: ........................
Mimi ........................ nimeona kitu ninachodhani ni kisukuku.
Mahali: kitongoji cha ........................, hatua ............ kutoka ........................, upande wa ........................
Kinavyoonekana: ........................
Ukubwa wake: ........................
Nimekiacha mahali pake na kukifunika.
Sahihi: ........................